Ana meno mawili tu, tena yamechongoka

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 4. Ana meno mawili tu, ya juu mbele, yamechongoka kama ya paka. Nywele zake ni chache na nyepesi. Hatoki jasho. Jua likikaza mwili unachemka, tunakimbilia zahanati, tunarudi na dawa za malaria. Majirani wanasema nilimpeleka kung'olewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga. Sikufanya hivyo. Je, meno yataota?
Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Nakuamini. Mtoto aliyechokolewa ufizi kutoa hayo yanayoitwa "meno ya plastiki", yaani vichipukizi vya meno, hukosa zaidi chonge, lakini jasho lake halikauki. Meno, nywele na tezi za jasho huchipuka kwenye tabaka moja mtoto akiwa tumboni. Vyote vitatu vikipungua kwa pamoja, nawaza displasia ya ektoderma, hali adimu ya kuzaliwa nayo. Hakuna ulichokosea.

Eksirei ya taya itaonyesha kama kuna meno mengine ndani. Lakini usikae ukisubiri yaote. Umri huu anaweza kutengenezewa meno bandia ya kuvaa na kuvua, yanayobadilishwa kadiri taya linavyokua. Ya kupandikizwa kwenye mfupa, kwa kawaida tunangoja amalize kukua.

Niliwahi kumtengenezea mtoto wa rika lake meno ya kuvaa. Siku ya kwanza aliyatema. Nikamwambia mama yake amvalishe wakati wa kula tu. Aliporudi alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha mkononi, kimeng'atwa mara moja. Hakutaka kukimaliza. Alikileta nione alama.

Hayo meno mawili ya mwanao asiyang'oe mtu! Yanashikilia mfupa wa taya na yatashikilia meno bandia. Ncha tunaweza kuzijazia zifanane na meno ya kawaida. Mate yake huenda ni machache, kwa hiyo meno yatawahi kuoza: mswaki asubuhi na usiku, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere.

Joto ndilo linalonitisha kuliko meno. Kivuli, maji ya kunywa, fulana iliyoloweshwa. Akichemka apimwe malaria kama kawaida, ila mwambieni mhudumu kwamba hatoki jasho.

Mlete kwa daktari wa meno wa watoto, Muhimbili wapo. Nawe ukae kitini ukaguliwe, kwa sababu aina iliyozoeleka hupitia kwa mama, na huenda una jino dogo au pengo la tangu utotoni ambalo hujawahi kulitilia maanani.