Mnaokuja kujitolea Rungwe, kiriba kinatolewa kabla ya kupanda jamani

Jumamosi nimeshuka kitaluni nikamkuta kijana mgeni, ana siku tatu tu kwetu, anafukia mche na kiriba chake, kile kimfuko cha plastiki ulichooteshewa, tena anapigapiga udongo kwa madaha kabisa. Nikashindwa hata kumfokea maana nilijiona mimi mwenyewe pale. Basi naandika, mtanisamehe.

1. Gambuti, sio raba. Suruali chomeka ndani ya soksi, siafu hawajui kama umekuja kujitolea.

2. Kijijini unaanzia kwa mtendaji na mwenyekiti, barua mkononi, msitu baadaye. Ile ni hifadhi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, hamuingii kama sokoni.

3. Viriba. Hapa nikae kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa vijana 19 na miche 400 ya miti ya asili, ya kupanda pembeni ya msitu. Mimi ndio kiongozi, nilichaguliwa kwa sababu nina sauti kubwa, sababu nyingine hakuna. Mzee wa kitalu alinielekeza asubuhi: chana kiriba, bana udongo usimwagike, ndio upande. Nilimsikia vizuri tu. Sasa wafadhili wamechelewa, wana ndege Songwe jioni, wanataka picha ya miche yote ikiwa ardhini, na sisi watu 19 tuna nyembe tatu, moja ishaingia kutu. Nikapaza ile sauti yangu nikasema pandeni hivyohivyo, mizizi itapasua yenyewe.

Mizizi itapasua yenyewe. Mpaka leo kuna watu Tukuyu wakiniona wananisalimia kwa hayo maneno.

Picha zilitoka safi, tisheti nyeupe, mlima nyuma. Mvua iliyofuata narudi, mingi imekauka, iliyobaki iko urefu uleule na majani ya njano. Mzee hakugomba, bora angegomba. Aliinama akavuta mche mmoja kwa vidole viwili ukatoka kama karoti, akapangusa udongo, kiriba kizima hakina hata tundu, na ndani mizizi imejizungusha yenyewe kwa yenyewe kama uzi wa kufumia. Akaniwekea mkononi. "Mwalimu, huu wako." Kuanzia siku hiyo akawa ananiita mwalimu.

Tulifukua yote 400, siku mbili, mvua inanyesha, yeye anakusanya viriba kwenye salfeti mimi natafuta shimo linalofuata. Lakini kilichonimaliza sio tope. Ni wale kina mama wa kitalu, maana kujaza kiriba sio mchezo, unachanganya udongo wa msitu, mchanga na samadi, unajaza kwa mkono kimoja kimoja, na mmoja wao alikuwa anajaza na mtoto mgongoni. Alikuja akasimama, akaangalia lile salfeti, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo tujaze tena, kaka?" Nikajifanya natafuta simu.

4. Picha unaomba kwanza. Hata ya mtoto, hasa ya mtoto.

5. Mmekuja kumuona kipunji, najua, kila mtu anakuja na hiyo. Mimi nimemsikia mara nyingi kuliko kumuona, na akilia utadhani mbwa kapata mafua. Wanasayansi walimkuta hapa Rungwe 2003 na kumtangaza 2005, aina mpya ya kima dunia nzima inashangaa, wakati Wanyakyusa walishakuwa na jina lake na jina lenyewe ndio hilo hilo. Kwa hiyo mzee akikwambia njia ni hii na ramani ya simu inasema ile, zima simu. Kuna dada mmoja alibishana, tulimpata saa mbili usiku analia kwenye shamba la chai la watu, amekaa juu ya kikapu.

6. Msiahidi madawati. Wala bomba. Wala "nikirudi nitawaletea". Bibi mmoja ana orodha ya ahadi kichwani na majina yenu yote anayajua.

7. Ukipewa mbalaga, ndizi za kupikwa za Kinyakyusa, kula, sema ndaga, ndio asante ya huku. Habari za kwamba uko dayeti waachie wa mjini.

Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, kitaluni. Nyembe ninazo pakiti nzima. Yule kijana wangu awahi nusu saa kabla, ana miche kumi na mbili ya kufukua na mzee ameshaanza kumuita profesa.