Redio ya mkoani, vijana na VVU: waache madogo waulize

Nimetangaza kipindi cha vijana kwenye redio moja hapa Mbeya miaka kadhaa, muziki na stori, na humo humo tukawa tunaongelea VVU. Watu wananifuata sana inbox, hasa wale wa vikundi vya vijana waliopewa nafasi na redio ya wilayani halafu hawajui waanzie wapi, basi ngoja nimwage yote hapa.

Tuanze na takwimu maana kila mtu anakimbilia huko. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023, kwa watu walio na maambukizi, uliiweka Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4 kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Hizo namba mpelekee meneja wa redio, zitakupatia muda hewani. Ila dogo wa bajaji pale Kabwe ukimsomea asilimia anabadili stesheni tu, yeye anataka kujua kondomu imepasuka jana usiku, leo afanyeje.

Na hapo ndo kipindi kilipo. Usimlete daktari aje kuhutubia, mlete ajibu. Sisi tulifungua laini ya meseji na kila siku tukawa tunarudia hewani kwamba hatusomi jina, namba wala mtaa. Mwanzoni utapata salamu tu, nawasalimia wa Uyole, nipigie wimbo fulani, we vumilia. Wakishaona kweli hutaji mtu, maswali yanamiminika na mengine yatakutoa jasho.

Ya kondomu ndo yanaongoza, na jibu lake liwe na saa ndani yake: wahi kituo cha afya ndani ya masaa 72, ukiwahi zaidi ndo bora, utapimwa na ukikutwa huna maambukizi unaanzishiwa dawa za kuzuia, unameza siku 28. Wengi hawajawahi kusikia kama kuna kitu hicho. Kuna anayepima siku ya tatu akikuta yuko safi anafanya sherehe, huyo umwambie arudie baada ya miezi mitatu. Kuna mabinti wanaogopa kwamba nesi atamwita mama, mwambie tangu sheria ilivyorekebishwa 2019 mwenye miaka 15 anapima bila ruhusa ya mzazi. Halafu wale wa tohara, yaani hao wananichekesha, mtu katahiriwa anadhani kavaa bati! Tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60, zilizobaki zote anazo, na mwenzie hajalindwa.

Swali lililozua ubishi mkubwa ni la mtu aliyegundua mpenzi wake anatumia ARV, dawa za VVU. Daktari akajibu kwamba anayemeza ARV vizuri mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzie kwa ngono. Meseji zikaja za matusi, ooh mnaruhusu uzinzi. Tulirudia jibu lile lile wiki iliyofuata, neno kwa neno, na mi nasema kama kuna jambo moja la kurudia mpaka watu wachoke ni hilo, kwa sababu dogo anayejua dawa inafanya kazi ndo anayekubali kwenda kupima.

Ubishi wenyewe ni mali. Redio huku inasikilizwa saluni, kwenye daladala, kijiweni, sio mtu yuko peke yake na spika, kwa hiyo mpe kijiwe kitu cha kubishania ukishazima maiki. Wazee wa Radio Tanzania walishalijua hili, mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza 1993 walimweka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake huku na kule, watu wakawa wanamjadili Mkwaju. Na sisi wa barabara ya TANZAM, ile ya malori ya Zambia, akina Mkwaju tunawajua kwa sura, leo kalala Makambako kesho yuko Tunduma.

Muda nao usikubali saa nne asubuhi. Wanakupa kwa sababu hauna tangazo la kulipiwa, na saa hiyo madogo wako shule, shambani au barabarani. Pigania jioni, katikati ya muziki, dakika kumi zinatosha.

Ukimleta kijana anayeishi na VVU aongee, kaa naye kabla mkubaliane nini hasemi. Hata akibadili jina, ukitaja kliniki anakochukulia dawa na kazi yake, Mbalizi nzima imeshamjua. Rekodi kwanza, msikilizeni pamoja, akisema kata hapo we kata bila kuuliza.

Na milima usiisahau. Ukivuka kona kadhaa kule Rungwe matangazo yanakoroma tu, kwa hiyo majibu tulikuwa tunayakata klipu za dakika mbili tunazituma magrupu ya WhatsApp ya bodaboda na ya mafundi cherehani. Zisizidi hapo, ikiwa ndefu hawaifungui, bando lenyewe la kuungaunga.