Mwanangu alifia bwenini, polisi Kenya wanasema alijiua. Nifanyeje?

Pole sana, mama. Kusema "alijiua" kabla hata mwili haujapasuliwa, hapana, usikubali. Kwanza msizike. Daktari wa serikali akifanya upasuaji, ombeni daktari wenu awepo ashuhudie. Mtafuteni hata kwa mchango wa ukoo. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, tafadhali, na simu yake asiiguse mtu.

Chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kituoni, kisha umwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Katiba ya 2010, kifungu cha 157(4), inampa uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze tuhuma za jinai, naye lazima atii. Muombe pia mahakama isikilize mashahidi kuhusu chanzo cha kifo. Afisa wa polisi akizembea, mshtaki kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Bakisha nakala yenye muhuri ya kila barua.