Massey 135 na planta ya mtumba: usiingie shambani kabla hujahesabu mbegu

Wewe uliyeandika kwamba umefufua Massey Ferguson 135 ya mzee, umenunua planta (mashine ya kupandia) ya mtumba ya mistari miwili, na mvua ikinyesha tu unaingia shambani: usithubutu. Maswali yako ya oili, tairi na ekari ngapi kwa siku yatangoja.

Trekta yenyewe haina neno. Injini ni Perkins ya silinda tatu, na mafundi wanaoijua hawakosekani. Itakayokutoa machozi ni planta, hasa ile sahani yenye matundu chini ya hopa (kopo la mbegu), inayodondosha punje.

Dalali aliyeniuzia yangu alinikazia macho akasema, "Sahani ni sahani tu, kaka." Mungu anamwona. Mbegu za mahindi za dukani huchambuliwa kwa ukubwa na umbo: kuna bapa, kuna duara. Tundu likiwa kubwa zinashuka mbili tatu kwa mpigo. Likiwa dogo punje inabanwa, inapasuka au haishuki kabisa. Mimi nilijaliwa yote mawili: mstari wa kulia ulimwaga, wa kushoto ulisaga unga. Na juu ya trekta huoni kitu, umetazama mbele unanyoosha mstari na kupiga mluzi. Mbegu zikaisha shamba halijafika nusu, nikamtuhumu mwenye duka kuwa kapunja kilo. (Bado namshuku kidogo.)

Mahindi yalipoota, jirani akaja kuangalia, akauliza yale mapengo ni ya nini. Nikamwambia nimeacha nafasi ya maharage. Tukarudishia kwa jembe ukoo mzima, mama yangu kimya, na heri angenitukana. Huku Kiteto mvua haimngoji mtu: yaliyorudishiwa yalikuta wenzao wameshatanda juu, yakaishia kutoa vigunzi.

Sasa sikia. Tia mbegu ileile utakayopanda, buruza planta mita 10 kwenye ardhi ngumu, mwendo wa mtu anayetembea, kisha shuka uhesabu kila mstari peke yake. Kama unataka sentimita 25 kati ya mashina, zitoke punje 40. Kama ni 30, zitoke 33 hivi. Ukikuta 70 au 12, au punje zimepasuka, kagua sahani, usihangaike na gia. Sahani haizungushwi na PTO (ile shafti ya nyuma ya trekta), inazungushwa na tairi la planta lenyewe. Ukikimbia, matundu yanapita matupu. Ukishaingia shambani, baada ya hatua chache simama ufukue uhesabu tena, maana kwenye udongo laini lile tairi huteleza na mbegu hupungua. Mstari wa kwanza ukiwa mbaya, hasara ni ya mstari mmoja.

Mbolea ya DAP isigusane na mbegu, inaunguza. Oili muulize fundi. Kwenye tairi uliuliza nini vile?

Na kama aliyekuuzia hakukupa sahani za ziada, mfuate leo kabla hajabadili laini ya simu.