Maswali na Majibu: Udongo haumpi ushindi mwenye pumzi, unampa mwenye mpira wa juu

SWALI: Kocha, habari za kazi. Nacheza tenisi kwenye uwanja wa udongo hapa Nairobi, huu mwaka wa nne. Kila mtu klabuni anasema Rafael Nadal, yule Mhispania, alichukua Roland Garros (mashindano makubwa ya udongo ya Paris) mara 14 kwa sababu udongo ni wa polepole na yeye alikuwa na pumzi ya kukimbia. Pumzi ninayo. Nimenunua raketi ya aina yake, nimefunga nyuzi za poliesta zilizokazwa kwa kilo 25, nasimama mita nne nyuma ya mstari wa nyuma na kila mpira nauzungusha. Lakini mipira yangu inaanguka katikati ya uwanja, na kuna mzee mmoja ananichapa kila Jumamosi kwa slaisi (mipira ya kukata, inayozunguka kinyume) na vidropu (mipira mifupi ya kudondosha karibu na neti). Ni nini sijakiona?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo ya pumzi iweke kando kwanza. Wachezaji wa ngazi ile wote wana pumzi, na hata Roland Garros zaidi ya nusu ya pointi huisha kabla mpira haujapigwa mara tano. Ingekuwa ni kukimbia tu, kombe lingezunguka kwa watu wengi. Nadal alimaliza pale akiwa ameshinda mechi 112 na kupoteza 4. Pengo la namna hiyo lina sababu zake, na nyingi zinaanzia chini ya viatu.

Uwanja wa Roland Garros si udongo mtupu. Chini kabisa kuna tabaka nene la kokoto, karibu sentimita 30, juu yake mabaki ya makaa ya mawe yaliyochomwa, kisha chokaa nyeupe iliyosagwa ya sentimita 6 au 7. Ule wekundu unaouona kwenye televisheni ni vumbi la tofali lisilozidi milimita 2. Chokaa ndiyo inayobeba mpira na kushika maji. Vumbi kazi yake ni kuukwaruza mpira na kumwezesha mchezaji kuteleza.

Sasa, neno "polepole" ni ukweli nusu. Mpira ukigusa vumbi hukwaruzwa na kupoteza mwendo wake wa kwenda mbele, tena huchimba kijishimo kidogo na kusukuma kijirundo cha vumbi mbele yake. Kijirundo hicho ni kama tuta la barabarani: kinaurusha juu. Mwendo wa kupanda haupotei sana. Kwa hiyo mpira unaokwenda kama mshale kwenye nyasi, hapa unasimama na kupanda. Kocha anayekuambia udongo unakupa muda amesema kweli, ila amesahau kwamba unakupa na kimo, na kimo ndicho kilichompa Nadal makombe.

Vipimo vilivyofanywa kwa kamera za kasi vilionyesha mpira wa forihendi yake (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi) ulizunguka kwa wastani wa karibu mara 3,200 kwa dakika, na mapigo mengine kukaribia 5,000. Mpinzani wake mkubwa, Roger Federer, alikuwa karibu 2,700. Kizazi cha kabla yao, cha Pete Sampras na Andre Agassi, kilikuwa chini ya 2,000. Mpira unaozunguka mbele kiasi hicho husukumwa chini na hewa, hivyo unaweza kupita juu sana ya neti na bado ukazama ndani ya mstari. Unashuka kwa mteremko mkali, unakutana na lile tuta la vumbi, unapaa mpaka begani.

Na begani kwa nani? Hapo ndipo mkono wa kushoto unapoingia. Nadal kwa kuzaliwa anatumia kulia, lakini tenisi alicheza kwa kushoto. Forihendi yake ya mshazari, lile pigo alilolipiga bila kuwaza, ilikwenda moja kwa moja kwenye bekihendi (pigo la upande wa pili) ya mchezaji wa kulia. Kama huyo mtu anatumia bekihendi ya mkono mmoja, anapokea mpira mahali ambapo mkono hauna nguvu. Federer alikutana naye Roland Garros mara 6 na kupoteza zote 6, ikiwemo fainali ya 2008 iliyoisha 6-1, 6-3, 6-0. Federer alikuwa fundi. Alichokosa ni mahali pazuri pa kuupigia mpira ule.

Tazama basi waliomfunga pale. Robin Söderling mwaka 2009, mrefu wa sentimita 193, bekihendi ya mikono miwili, anapiga mpira bapa, usio na mzunguko mwingi, ungali juu. Novak Djokovic 2015 na 2021, mikono miwili, anasimama karibu na mstari na kuuwahi mpira kabla haujamaliza kupanda. Alexander Zverev 2024, sentimita 198, mikono miwili, paa likiwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Watatu hao wanafanana kwa jambo moja: begani kwa mtu mwingine, kwao ni kifuani. Baridi na unyevu huongezea, kwa sababu mpira baridi haurukiruki na vumbi lenye maji huulemea. Kanuni hii ina mwiba wake lakini: mwaka 2020 mashindano yalipigwa Septemba na Oktoba, baridi, fainali chini ya paa, wengi wakasema safari hii hatoboi. Alimfunga Djokovic 6-0, 6-2, 7-5. Kwa hiyo usiichukue kama sheria ya hisabati.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Madrid, na unakuhusu wewe moja kwa moja. Nadal alishinda Barcelona mara 12, Monte Carlo 11, Rome 10. Madrid, mji mkuu wa nchi yake, kwenye udongo alishinda mara 4 tu. Madrid iko karibu mita 650 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, mpira hukimbia zaidi na mzunguko hauna cha kushika, kwa hiyo hauzami inavyotakiwa. Mwaka 2012 waandaaji waliweka udongo wa bluu uliokuwa unateleza vibaya. Nadal akatolewa mapema na Fernando Verdasco, na mwaka uliofuata udongo ule haukurudi tena. Ukimnyima mchezaji wa namna hii pa kukanyagia na hewa ya kushikia mpira, umemnyima nusu ya silaha.

Wewe uko Nairobi, karibu mita 1,700. Udongo mzuri unao (Nairobi Club iliandaa mechi za Kombe la Billie Jean King, mashindano ya timu za taifa za wanawake, za kanda ya Afrika mwaka 2023, kwenye udongo huohuo), lakini hewa yako ni nyepesi kuliko ya Madrid, achilia mbali Paris. Nadhani kilichokupata ni hiki: ulipoanza, mipira ilikuwa inatoka nje kwa nyuma, ukaogopa, ukaanza kuukwangua mpira kwenda juu kama mtu anayepangusa kioo. Raketi inapita juu, haiendi mbele. Mpira unazunguka, ndiyo, ila hauna uzito, unaanguka kwenye mstari wa sevu, katikati ya nusu yake ya uwanja, na kumngoja mzee wako kiunoni.

Anza na mipira yenyewe. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zina aina ya mpira maalumu kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219, kwa sababu mpira wa kawaida wenye presha huruka kupita kiasi panapokuwa na hewa nyepesi. Soma kopo kabla ya kununua. Ukifanya mazoezi na mpira usiofaa utajifunza kurekebisha kosa la mpira, na kosa lako mwenyewe litabaki palepale.

Kuhusu nyuzi, kilo 25 kwa Nairobi si nyingi. Kwenye mwinuko watu hukaza kilo 1 au 2 zaidi ili kuudhibiti mpira. Tatizo la poliesta ni kwamba inakufa kabla haijakatika. Kazi yake ni hivi: nyuzi za wima huvutwa pembeni mpira unapogusa, kisha hujirudisha ghafla na kuongeza mzunguko. Baada ya saa 15 hadi 20 za mchezo zinachoka na hazijirudishi tena. Kipimo chake ni rahisi: piga mpira mmoja kwa nguvu, angalia uso wa raketi. Nyuzi za wima zikibaki zimepinda na inabidi uzinyooshe kwa vidole, zimekwisha, zikate. Kama kiwiko kinauma, weka poliesta kwenye wima peke yake na uzi laini wa sintetiki kwenye mlalo. Usivumilie maumivu ya kiwiko kwa ajili ya kufanana na mtu.

Kwa pigo lenyewe, chukua kamba na fito mbili. Funga kamba juu ya neti, mita 2 kutoka ardhini. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita moja juu ya neti, ambayo katikati ina sentimita 91.4. Kisha chora mstari kwenye udongo mita 2.5 ndani ya mstari wa nyuma. Piga mipira 20 ipite juu ya kamba na kuangukia nyuma ya mstari uliochora. Ukipata chini ya 12, usiongeze mzunguko. Ongeza mwendo wa raketi kwenda mbele na uupige mpira mbele zaidi ya mguu wako wa mbele. Wengi hukosea hapo: wanaungoja mpira ufike ubavuni, na ukishafika ubavuni huna njia nyingine ila kuukwangua. Udongo unakuachia alama, utumie huo. Angalia umbo lake: alama ya duara maana yake mpira umeshuka kwa mteremko, alama ndefu kama yai lililovutwa maana yake umekwenda bapa.

Kusimama mita nne nyuma, acha. Nadal alirudi nyuma kupokea sevu kwa sababu pigo lake la kurudisha lilikuwa la juu na la kina, likampa nafasi ya kurudi kwenye mstari kabla mpinzani hajapiga. Wewe unarudisha fupi, kwa hiyo unabaki kule nyuma na uwanja mzima uko wazi mbele yako. Vilevile pima uwanja wenu. Kwa mashindano ya kimataifa inapendekezwa mita 6.40 kutoka mstari wa nyuma hadi ukuta au wavu. Viwanja vya klabu mara nyingi ni pungufu ya hapo, na raketi ikigusa wavu nyuma hakuna pigo. Simama mita moja na nusu mpaka mbili, na mpira mfupi ukija, ingia ndani uupige ungali juu ya neti.

Kuteleza nako kuna hesabu. Unateleza kuingia kwenye pigo, na unapiga mtelezo ukiwa unaisha. Anayepiga kwanza halafu akateleza anapelekwa mbali na katikati, na kila pigo linamgharimu hatua mbili tatu za kurudi. Anza mtelezo mita moja hivi kabla ya mpira, goti limekunjwa, mguu wa kutangulia ukielekea unakokwenda na si kukingama. Ukikingamisha mguu, vumbi likiwa jembamba soli itashika ghafla na kifundo kitapinda. Viatu viwe vya soli yenye mikato ya zigizaga. Vile vya uwanja mgumu hujaa vumbi na kuwa laini kama sabuni. Gonga soli kwa raketi kati ya pointi, ndiyo maana wale wa televisheni hawaachi kuzigonga.

Na kabla ya mechi, uwanja umwagiwe maji mpaka yashuke ndani, siyo kulowesha rangi ya juu tu. Uwanja mkavu una vumbi linaloteleza juu ya sakafu ngumu: mpira unakwenda kasi na miguu haishiki, yaani unapoteza muda na pa kukanyagia kwa pamoja. Mkicheza saa saba mchana kwenye uwanja uliomwagiwa maji saa kumi na mbili asubuhi, mnacheza kwenye kitu kingine kabisa.

Kuhusu yule mzee. Slaisi yake inakaa chini kwa sababu mpira unaozunguka kinyume unaingia kwa mteremko mdogo na haupandi kama wako, na vidropu vyake vinafaulu kwa kuwa wewe uko mita nne nyuma na mpira wako ulishaanguka fupi. Yeye ameshaingia ndani ya uwanja anachagua tu. Mpelekee mipira ya juu kwenye bekihendi, mitatu mfululizo, yote ivuke mstari ule wa mita 2.5. Mtu aliyesukumwa nyuma huku mpira uko begani hapigi dropu. Akijaribu, utaona inavyoelea. Akianza kurudi nyuma mwenyewe kabla hujapiga, hapo wewe ndiye umpigie dropu ya kwako.