Ushahidi Haujisemei

Niliwahi kurudishiwa insha ambayo pembeni mwa karibu kila aya iliandikwa maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini?" Iliniuma, maana aya zile nilizipenda. Zilijaa "ni lazima", "haikubaliki", "kila mtu anajua". Nilipozisoma tena kwa sauti ndipo nikaona: jambo moja nimelidai mara tano kwa maneno tofauti, na sababu sijatoa hata moja.

Tangu siku hiyo siandiki aya ya kushawishi kabla sijajua nataka msomaji akubali nini. Hilo ndilo dai, nami nalisema kwa sentensi moja. Likihitaji "na pia" katikati, najua hizo ni aya mbili.

Baada ya dai huja sababu, kisha ushahidi, na hapa ndipo wengi huchanganya. Sababu hujibu "kwa nini?" Ushahidi hujibu "umejuaje?" Chukua dai hili: mhudumu wa afya anawe mikono kabla ya kumgusa kila mgonjwa. Sababu: mikono hubeba vijidudu kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine. Ushahidi: mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliagiza madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wanawake waliofika kujifungua. Aprili mwaka huo, kabla ya agizo, katika wodi ile walikufa wanawake wapatao 18 katika kila 100. Juni walikufa kama wawili.

Waandishi wengi huweka nukta hapo wakaenda zao, wakiamini namba zimemaliza kazi. Bado. Imebaki sentensi ninayoiita fundo, inayofunga ushahidi kwenye dai: "Wodi ni ile ile, madaktari ni wale wale; kilichobadilika ni kunawa mikono." Bila fundo, msomaji yuko huru kusema labda ni hali ya hewa, labda ni bahati. Ukinifuata kwa jambo moja tu, nifuate kwa hili.

Na Semmelweis mwenyewe anatufundisha upande wa pili. Namba alikuwa nazo, lakini madaktari wengi wa wakati wake walimkatalia. Sababu aliyowapa, kwamba mikono ilibeba chembechembe za maiti, haikuwaingia akilini. Elimu ya vijidudu kama chanzo cha maradhi ilikuwa haijakubalika. Tena alichelewa kuandika: kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Ushahidi mzito uliokosa sababu inayoeleweka kwa msomaji hubaki mlangoni.

Kipingamizi nacho, kama kipo kikubwa, kitaje mwenyewe na ukijibu mle mle ndani ya aya. Msomaji anacho tayari kichwani.

Nikimaliza, naziba sentensi ya dai kwa kiganja, nampa mtu asome zilizobaki, kisha namuuliza nadai nini. Akitaja dai langu, naiacha aya kama ilivyo. Akitaja jingine, sikimbilii kuongeza ushahidi. Mara nyingi nimekuta ushahidi umethibitisha alichokisema yeye, na sentensi ya kubadilisha ni ile iliyo chini ya kiganja.