Maswali na majibu: Elektroni haijali kama unaitazama

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya fizikia ya kwanta, na karibu nyote mmeomba jambo moja: hesabu isiwepo. Nimekubali, ila na mimi nina ombi. Mkikutana na neno mlilolizoea, kama "chembe" au "kutazama", msiliamini upesi. Nusu ya mkanganyiko wa somo hili umeletwa na maneno hayo.

Neno "kwanta" lenyewe lina maana gani?

Ni kipande kidogo kabisa cha kitu kinachotolewa kwa vipande. Mwaka 1900 Max Planck alikuwa akihangaika na rangi za mwanga unaotoka kwenye kitu kilichopashwa moto. Nadharia za wakati ule zilidai kwamba kitu hicho kitoe nishati isiyo na kikomo, jambo lisilowezekana. Planck akakubali, shingo upande, kwamba nishati hupanda na kushuka kama mtu kwenye ngazi: unakanyaga kidato hiki au kile, hakuna kusimama katikati. Mambo yakalingana na vipimo. Mwaka 1905 Einstein akaongeza kwamba mwanga wenyewe huja kwa vipande, ambavyo leo tunaviita fotoni. Tuzo yake ya Nobel ilitokana na kazi hiyo, si ile ya uhusianifu iliyompa umaarufu.

Shuleni tulichora elektroni zikizunguka kiini kama sayari. Ndivyo zilivyo?

Sivyo. Elektroni ikizunguka hivyo ingepoteza nishati kwa kutoa mwanga na kutumbukia kwenye kiini kabla hujapepesa jicho. Atomi zisingekuwepo, wala mimi na wewe. Afadhali ufikirie uzi wa gitaa, ambao ukikazwa hutoa sauti zake maalumu tu. Elektroni ndani ya atomi nayo ina viwango vyake. Ikishuka kutoka kimoja hadi kingine hutoa fotoni ya rangi maalumu, na ndiyo maana taa ya sodiamu huwaka njano ileile popote iwapo.

Basi elektroni ni chembe au ni wimbi?

Hapa ndipo penye utamu, niruhusuni nikae kidogo. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walirusha elektroni moja moja kwenye kifaa chenye njia mbili za kupita, kuelekea kioo cha kunasia. Kila elektroni iliacha doa moja, mahali pamoja. Tabia ya chembe, utasema. Madoa ya mwanzo yalitapakaa ovyo, lakini yalipofika makumi ya maelfu ikajitokeza michirizi: palipojaa madoa, palipo karibu patupu, palipojaa tena. Hiyo ni alama ya mawimbi mawili yanayokutana, hapa yakiongezana, pale yakifutana. Lakini elektroni zilipita moja moja! Hapakuwa na mwenzake wa kukutana naye.

Kwa hiyo kinachopita njia zote mbili ni kitu kama wimbi, na wimbi hilo linatueleza uwezekano wa doa kutokea hapa au pale. Doa litakapotua hasa, nadharia haisemi. Jibu langu basi ni "si chembe wala si wimbi", na najua halikuridhishi. Halijaniridhisha hata mimi.

Nimesikia kwamba akili ya mtu ikitazama, elektroni hubadilika. Kweli?

Hapana, na ningefurahi dai hili likizikwa. "Kutazama" hapa maana yake ni kitu chochote kuacha alama ya njia iliyopitwa. Mwaka 2004 watafiti wa Vienna walitumia molekuli zenye atomi 70 za kaboni. Kadiri walivyozipasha moto, zikawa zinatoa mwanga zenyewe, na michirizi ikafifia hadi kutoweka. Hakuna aliyekuwa akichungulia mwanga ule. Ilitosha kwamba umetoka ukiwa na habari za njia. Ndiyo maana pia mpira hauonyeshi michirizi: hewa na mwanga vinaugonga wakati wote.

Je, kutokuwa na uhakika kwa Heisenberg, yaani kwamba huwezi kujua kwa usahihi mahali na mwendo wa elektroni kwa pamoja, ni udhaifu wa vifaa vyetu?

Gonga meza mara moja: tk. Ni noti gani? Sikio lako si bovu. Mlio mfupi hivyo hauna noti moja. Ukitaka noti dhahiri sauti lazima idumu, na ikidumu huwezi kusema imetokea nukta ipi hasa. Mahali na mwendo wa elektroni vina uhusiano wa namna hiyo.

Na yule paka aliye hai na mfu kwa pamoja?

Ni paka wa kufikirika, aliyefungiwa kwenye sanduku lenye sumu itakayofunguka atomi ikivunjika. Mwanafizikia Schrödinger alimbuni mwaka 1935 ili kuonyesha jinsi tafsiri fulani, ya kwamba paka yuko katika hali zote mbili hadi sanduku lifunguliwe, ilivyokuwa kichekesho. Watu wakamwona paka, wakasahau kejeli.

Chembe zilizofungamana, yaani zile ambazo majibu ya vipimo vyake hulingana hata zikiwa mbali, zinaweza kupeleka ujumbe kasi kuliko mwanga?

Haziwezi. Upande wako utaona majibu ya bahati nasibu tu. Ulinganifu hujitokeza wewe na mwenzako wa upande wa pili mnapokutanisha orodha zenu za majibu, na orodha husafiri kwa njia za kawaida. Usidhani lakini kwamba ni kama viatu viwili vilivyotiwa kwenye masanduku tofauti, kila kimoja kikiwa tayari cha kulia au cha kushoto. Mwaka 1964 John Bell alionyesha jinsi ya kulipima wazo hilo la viatu, na majaribio yakalikataa. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Nobel ya 2022 kwa kazi hiyo.

Haya yote yana faida gani?

Transista, yaani swichi ndogo ya umeme iliyozaliwa mwaka 1947, isingeeleweka bila fizikia hii. Simu uliyonitumia swali lako ina mabilioni ya transista.